Wenye chuki wakikodi uwanja na maiki, mtaa ufanye nini?

#1 Mwana wa Chumbageni
Habari za jioni wadau.

Jana saa kumi na moja nilikuwa narudi nyumbani nakokota baiskeli, tairi la nyuma limeingia mwiba. Kwenye uwanja mmoja huku Ngamiani nikakuta watu 150 hivi, spika mbili kubwa, na bwana mmoja juu ya meza kashika maiki. Nikajua ni mhadhara wa kawaida, nikasimama. Dakika kumi za mwanzo alikuwa anasema vizuri tu. Halafu akageuka: wale msiwapangishe nyumba, wale msiwaoze binti zenu, wale wakifungua duka piteni mbali. Hakutaja jina, lakini hapakuwa na mtu pale asiyejua nani anasemwa. Na jirani yangu, mmoja wa hao hao wanaosemwa, alikuwa amesimama ubavuni kwangu na mkate wa watoto kwenye mfuko. Alisikiliza kidogo, akaniambia "haya jirani, mimi natangulia", akaondoka. Nikabaki na baiskeli yangu kama bwege.

Usiku nikasoma habari ya mji mmoja Ujerumani, karibu na Berlin kama sikosei. Wanazi mamboleo walikuja kuandamana. Wenyeji hawakurusha jiwe. Waliahidi kutoa euro 10 kwa kila mita watakayotembea, fedha ziende kwa shirika linalowasaidia watu kujitoa kwenye huo huo Unazi. Yaani wanaandamana huku wanajichangia kujimaliza. Mimi nasema dawa ni hiyo. Tanga tunashindwa nini?

#2 Kahawa Chungu
Nimekaa paleee. Uwanja gani mkuu? Taja tuujue.

#3 Mwana wa Chumbageni
Sitaji. Nikitaja nitakuwa nimewapigia debe bure, na kesho kuna wengine mtaenda "kuangalia tu".

#4 Msomaji wa Usiku
Mkuu #1, umekosea ramani. Mji ni Wunsiedel, mji mdogo tu wa Bavaria, Berlin ni mbali huko. Ilikuwa Novemba 2014. Wanazi wanaupenda mji ule kwa sababu Rudolf Hess, naibu wa Hitler ndani ya chama, alizikwa pale baada ya kufa gerezani mwaka 1987. Kaburi liliondolewa 2011, wao wakaendelea kuja kana kwamba bado lipo. Wenyeji walichora mstari wa kuanzia, mstari wa nusu ya safari na mstari wa kumalizia kama mbio za shule, wakaweka ndizi njiani ili waandamanaji wasiishiwe nguvu, na mwisho wakawamwagia karatasi za rangi na kuwashukuru kwa mchango wao. Zikapatikana euro 10,000, zikaenda EXIT-Deutschland, ndilo shirika lenyewe ulilosema.

Ila kuna ambalo watu hawapendi kulisambaza: miaka iliyofuata Wanazi walirudi tena Wunsiedel. Kwa hiyo waliaibishwa, hawakumalizwa.

#5 Kijana wa Mabawa
Ndizi? Mtu anasema mama yako asipangishwe nyumba, wewe unampa ndizi? Hawa dawa yao ni kuzuiwa njia. London, Oktoba 4, 1936, Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, na wafuasi wake wa mashati meusi walitaka kupita mitaa ya Wayahudi kule mashariki ya mji. Wayahudi, makuli wa Kiayalandi, wakomunisti, wote wakajaa Cable Street, wakaweka vizuizi, akina mama wakamwaga vyungu vya taka kutoka madirishani. Hakupita mtu. Uwanja wa Tangamano nao ukijaa watu kama hivyo, nani atapanda juu ya meza?

#6 Msomaji wa Usiku
@Kijana wa Mabawa nakuunga mkono nusu. Siku ile waliopigana zaidi na wananchi walikuwa polisi, waliokuwa wanamsafishia Mosley njia. Na aliyemgeuza Mosley ni mkuu wa polisi mwenyewe alipoona haiwezekani. Wiki moja baadaye vijana wa mrengo ule ule walivunja maduka ya Wayahudi Mile End Road. Hiyo sehemu haipo kwenye michoro ya ukutani ya kuikumbuka siku ile. Lakini pia mwaka ule ule ikatungwa sheria ya kukataza sare za kisiasa, na mashati meusi bila mashati ni wanaume tu wamesimama barabarani.

#7 Kahawa Chungu
"Wanaume tu wamesimama barabarani." Hapo umetusema wote wa kijiweni.

#8 Mama Wali Maharage
Salaam. Mimi si msomaji wa mambo ya Ulaya. Nauza chakula, mwaka wa kumi na moja huu.

Miaka kadhaa nyuma walifanya mhadhara jioni tatu mfululizo, nyumba ya nne kutoka kwangu. Sikwenda. Nilikuwa nakosha masufuria, lakini spika haiulizi kama umekwenda, inakufuata uani. Mada ilikuwa nyama: nani kachinja, nani asile cha nani. Siku ya nne asubuhi walikuja mafundi wawili wa gereji, wateja wangu wa kila siku, wali nyama, pilipili pembeni. Mmoja akashika kijiko, akaiangalia sahani, akaniuliza, "Mama, hii kachinja nani?" Nyama ile nanunua bucha moja, kwa kijana mmoja, tangu nianze biashara, na fundi huyo huyo alishanibebea mfuko kutoka bucha hilo mara mbili. Nikamjibu. Akasema sawa. Akala wali wote, nyama akaiacha ukingoni mwa sahani, vipande vitatu vimepangwa kama vya maonyesho. Mwenzie hakurudi tena.

Nyinyi mnajadili ile jioni. Mimi niliumia asubuhi yake.

#9 Mwana wa Chumbageni
Pole sana mama. Hili sikuliwaza.

#10 Mjukuu wa Mkonge
@Mama Wali Maharage hilo la nyama si dogo. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji akauawa. Ulianza na maneno tu.

#11 Wakili wa Barazani
Niweke la sheria maana naona linakuja. Watu husema "wana kibali?" Sheria ya polisi haisemi kibali. Inasema mwenye mkutano atoe taarifa kwa polisi si chini ya saa 48 kabla, na polisi wanaweza kuuzuia kwa sababu za usalama. Kibali na taarifa ni vitu viwili, ingawa ukifika kaunta utaona vimekuwa kimoja.

Pili, Ibara ya 18 ya Katiba inalinda maoni, ya 20 inalinda kukutana. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamfanya mkosaji anayetamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Kwa hiyo @Mwana wa Chumbageni, ungerekodi ungekuwa na pa kuanzia.

#12 Mwana wa Chumbageni
Nilikuwa nimeshika baiskeli.

#13 Kijana wa Mabawa
Baiskeli ina mikono miwili na wewe unayo miwili, mmoja ungetosha kusukuma 😂

#14 Bi Raskazone
Wakili, nakuheshimu, ila hiyo sheria unayoinoa ina makali pande zote. Kuanzia 2016 mpaka Januari 3, 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchi hii. Hawakuzuiwa wenye chuki, walizuiwa wabunge wa upinzani kuongea nje ya majimbo yao. Sababu iliyotajwa? Utulivu, watu wafanye kazi. Leo mnampa afande rungu la kumzuia yule wa kwenye meza, kesho kutwa atalishika kwa ajili ya mkutano wa wakulima wa mkonge wanaodai chao. Mimi bora nimsikie mjinga mmoja kwa saa mbili.

#15 Wakili wa Barazani
Bi Raskazone, wewe unamsikia saa mbili ukiwa Raskazone, upepo wa bahari unapuliza. Mama #8 alimsikia akiwa uani.

#16 Bi Raskazone
Hapo umenipata. Lakini hoja yangu bado imesimama.

#17 Mtanga wa Ughaibuni
Huku Marekani ndiko wamechagua njia ya Bi Raskazone. Miaka ya 1977 na 1978 kikundi cha Wanazi kilitaka kuandamana Skokie, mji pembeni ya Chicago wenye manusura wengi wa kambi za Hitler. Waliokitetea mahakamani ni ACLU, chama cha kutetea haki, na baadhi ya mawakili wake walikuwa Wayahudi. Wakashinda kesi, wakapoteza wanachama kwa maelfu. Na mwisho wake hao Wanazi hata Skokie hawakwenda! Walifanya mkutano wao Chicago, Julai 1978.

Lakini nilikuwa huku pia Agosti 2017, Charlottesville. Wabaguzi wa kizungu walikuja na mienge usiku, kesho yake na ngao na bunduki, polisi wakakaa mbali. Mmoja akawavamia kwa gari watu waliokuja kuwapinga, akamuua Heather Heyer, mwanamke wa miaka 32, na kujeruhi makumi. Wiki moja baadaye kukawa na mkutano mwingine Boston: wenye mkutano makumi tu kwenye kibanda cha bustani, waliokuja kuwapinga makumi ya maelfu, na polisi safari hii wakaweka uzio mpana katikati. Maiki za wale hazikusikika hata na waandishi. Tofauti ya siku hizi mbili ni nini? Mimi nasema ni umbali kati ya makundi. Mke wangu anasema ni hofu iliyobaki baada ya kifo. Hatujaafikiana.

#18 Kahawa Chungu
Wa ughaibuni kaamka. Huko saa ngapi?

#19 Mtanga wa Ughaibuni
Saa sita mchana. Nakula ugali wa unga wa dukani, msinicheke.

#20 Wakili wa Barazani
Nyongeza kwa #17, na hii ndiyo njia ninayoipenda. Waliojeruhiwa Charlottesville waliwafungulia waandaaji kesi ya madai. Novemba 2021 baraza la wananchi mahakamani (jury) likaamua walipe zaidi ya dola milioni 25. Jaji baadaye aliipunguza sana, lakini baadhi ya vile vikundi vilishalemewa na gharama za kesi tu. Usimfunge mdomo. Mpelekee ankara.

#21 Kijana wa Mabawa
Yule wa juu ya meza Ngamiani umpelekee ankara? Meza yenyewe kaazima.

#22 Spika za Harusi
Nimesoma mpaka hapa nikaona nisipoandika nitaonekana naficha. Mimi nakodisha vyombo: spika, mixa, maiki tatu, jenereta. Harusi, misiba, mikutano, kampeni, ngoma. Si mimi wa juzi, ila nilishawahi kufanya kazi kama hiyo.

Walikuja vijana wawili wastaarabu, wakalipa nusu mkononi. Nikauliza shughuli gani, wakasema mawaidha. Nikafunga vyombo. Yule bwana alipoanza nikajua nimeingia choo cha kike. Nifanye nini? Nusu ya pesa bado sijalipwa, na pale mbele kuna watu mia mbili. Nikaenda nyuma kuangalia jenereta. Jenereta lina koki ya mafuta, ndogo, unaizungusha kidogo tu. Linakohoa kama dakika mbili halafu linazima lenyewe. Nikasema mafuta machafu. Nikalifungua, nikalisafisha, nikaliwasha, likazima tena. Mara ya tatu watu wakaanza kuondoka, giza limeingia na mbu wameanza.

Nusu ya pili sikudai.

#23 Bi Raskazone
😂😂😂 Mpeni huyu tuzo.

#24 Msomaji wa Usiku
Hii chai ina tangawizi.

#25 Spika za Harusi
Chai unaijua wewe. Njoo nikuonyeshe hiyo koki.

#26 Kahawa Chungu
Sasa nimeelewa kwa nini harusi ya binamu yangu Pongwe muziki ulikatika wakati wa hotuba ya baba mkwe.

#27 Spika za Harusi
Hiyo ilikuwa TANESCO jamani, si mimi 🙏

#28 Mzee wa Makorora
Vijana, mmekwenda Ujerumani, mmekwenda Marekani, nyumbani hamjapita. Mwaka 1958, baada ya mkutano wa TANU Tabora, Zuberi Mtemvu alitoka akaanzisha chama chake, ANC, na wito wake Afrika kwa Waafrika. Mwalimu alimjibu kwa hoja. Oktoba 1961 ilipojadiliwa sheria ya uraia, wakawapo hata wa TANU wenyewe waliotaka uraia uwe wa weusi tu, Mwalimu alisimama bungeni akawafananisha na Hitler na akatishia kujiuzulu yeye na serikali yake. Mwaka 1962 uchaguzi wa rais, Mtemvu akasimama, Mwalimu akapata zaidi ya asilimia 98. Ndivyo jamii inavyojibu. Kwa hoja, na kwa kura.

#29 Mjukuu wa Mkonge
Shikamoo mzee. Naomba nimtetee marehemu Mtemvu kidogo. Alichokataa Tabora ni kura tatu: kila mpiga kura alazimike kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kukataa hilo si chuki, hata leo ukiniambia nipige kura kwa rangi tatu nitakataa. Tukimweka kapu moja na mashati meusi tutakuwa tunamwonea.

#30 Bi Raskazone
Na mzee, malizia hadithi. Mwaka 1965 tukaingia chama kimoja kwa sheria. Kwa hiyo hatujui kama hoja na kura zingetosha kwa miaka mingine ishirini. Jaribio lilikatizwa.

#31 Mzee wa Makorora
Marahaba. Mjukuu, nimekubali, neno langu juu ya Mtemvu lilikuwa zito kuliko haki yake. Bi Raskazone, hilo tutalibishana ana kwa ana, na kahawa utalipa wewe.

#32 Kijana wa Mabawa
Wote mnasahau polisi wakiingia vibaya inakuwaje. Mwembechai, Februari 1998. Risasi, watu wakafa pale msikitini Dar, na mpaka leo kila upande una simulizi yake. Mtu aliyekuwa na wasikilizaji mia akaja kuwa na wasikilizaji nchi nzima. Ukitaka mhubiri wa chuki apate umaarufu, mtumie FFU, polisi wa kutuliza ghasia.

#33 Wakili wa Barazani
Lakini wewe si ndiye ulitaka Tangamano ijae tuwazuie? Hapo FFU hawatakuja?

#34 Kijana wa Mabawa
Nilisema tujae. Sikusema turushe.

#35 Mwalimu wa Darasa la Tano
Nichangie kidogo. Mnaangalia viwanja, mimi naangalia watoto. Mbagala, Oktoba 2012, hapakuwa na mkutano wowote. Watoto wawili walibishana kuhusu msahafu, mmoja akaukojolea, na kabla wiki haijaisha makanisa yalishaharibiwa. Maneno waliyokuwa wanabishania hawakuyatunga wao. Na siku hizi mhadhara wenyewe hauhitaji uwanja, unaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi saa nne usiku, sauti ya dakika nne, "imetumwa mara nyingi". Huko jenereta la #22 halizimi.

#36 Msomaji wa Usiku
@Mwalimu ndiyo maana mimi bado nashikilia njia ya kunyamaza. Marekani miaka ya 1940 na kuendelea kulikuwa na mtu wa American Jewish Committee, shirika la Wayahudi wa huko, jina lake Solomon Fineberg. Yeye aliwashauri Wayahudi: mchochezi akija mjini msiende kumzomea, zungumzeni na wahariri wa magazeti wasimwandike, mwacheni aongee na viti. Njia hiyo waliiita karantini. Alipokuja Rockwell, Mnazi wa Kimarekani, alikuwa anatafuta kupigwa ili apate picha. Bila zogo alikuwa hana habari ya gazetini.

#37 Mama Wali Maharage
Mwanangu, mhariri wa kumnyamazisha yupo kwenye gazeti. Kwenye simu yupo nani? Na kunyamaza ni kuzuri kwa asiyesemwa. Yule jirani wa #1 aliyeondoka na mkate wake, kimya chenu alikisikia vipi?

#38 Mwana wa Chumbageni
Mama hilo limenikaa kooni tangu jana. Jioni hii nilimpitia kwake. Sikuwa na hotuba. Nikamwambia jana sikupenda yale maneno. Akasema "nilikuona ulivyokunja uso". Basi. Akanikaribisha chai, tukaongea habari za Coastal Union. Lakini wakati natoka akaniuliza kama namfahamu mwenye ile nyumba ya kona, maana mkataba wake unaisha Desemba.

#39 Kahawa Chungu
Dah.

#40 Mjukuu wa Mkonge
Hilo la mkataba ndilo la kushika. Nani anamfahamu mwenye nyumba? Kama ni yule ninayemdhani, tulisoma wote, naweza kwenda na mwenyekiti wa mtaa bila makelele.

#41 Mwana wa Chumbageni
Nakuja inbox mkuu.

#42 Kijana wa Mabawa
Na ile pancha umeziba?

#43 Mwana wa Chumbageni
Tyubu imechanika kabisa. Natembea.

#44 Nyuki Elfu Moja Mia Tisa na Kumi na Nne
Nyinyi wote mmesahau silaha ya Tanga. Waingereza walishuka hapa Novemba 1914 na jeshi kubwa kutoka India, nyuki wakawatawanya vichakani. Ngojeni nyuki.

#45 Msomaji wa Usiku
Nyuki waliwauma pande zote mbili mkuu, hata askari wa von Lettow, kamanda wa Wajerumani, hawakusalimika.

#46 Bi Raskazone
Kama sheria ya Wakili basi 😂

#47 Spika za Harusi
Wadau nimepigiwa simu sasa hivi. Shughuli Jumamosi ijayo, "mawaidha", uwanja wanasema nitaambiwa baadaye. Nikubali nikawe na koki yangu, au nikatae wakodi kwa mwingine mwenye jenereta zima?

#48 Wakili wa Barazani
Uliza mada kwa maandishi. Weka kwenye risiti.

#49 Kijana wa Mabawa
Kubali!

#50 Bi Raskazone
Kataa. Siku moja watakukagua hiyo koki.

#51 Mzee wa Makorora
Una mke na watoto wa kulisha, mwanangu. Uliza mada kwanza kama Wakili alivyosema.

#52 Mtanga wa Ughaibuni
Swali kwa Mama #8 kabla sijarudi kazini. Yule fundi aliyeacha vipande vitatu, ikawaje?

#53 Mama Wali Maharage
Bado anakuja. Kila siku. Anaagiza maharage.

#54 Kahawa Chungu
Na mwenzie?

#55 Mama Wali Maharage
Nilimwona wiki iliyopita kwa mama mwingine, ng'ambo ya barabara. Anakula nyama. Ile ile, ya bucha lile lile.